Mikoko: Kupanda miche pekee hakutoshi kurejesha ardhioevu ya pwani

KATIKA hori ya Gazi, Kaunti ya Kwale, takriban kilomita 50 kusini mwa Mombasa, mna mikoko iliyoota yenyewe na mingine iliyopandwa na binadamu. Miti hiyo husimama pamoja katika tope moja, ikifunikwa na kufunuliwa na maji yale yale yanapojaa na kupwa.

Haikuwa hivyo nyakati zote. Katika miaka ya 1970 sehemu kadhaa za msitu huo zilikatwa zikabaki uchi, kuni zake zikatumiwa viwandani kuchomea chokaa na matofali. Miaka mingi baadaye sehemu hizo zilikuwa bado ni tope tupu.

Mwaka wa 1991 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi nchini (KMFRI) walianza majaribio ya kupanda mikoko upya katika hori hiyo. Majaribio hayo yamekuwa darasa kubwa kwa wote wanaotaka kurejesha ardhioevu iliyoharibiwa, si Pwani pekee bali pia kwingineko nchini.

Somo kuu la darasa hilo ni jepesi kulitamka lakini gumu kulitekeleza: maji hutangulia, mti hufuata, na kila mti una mahali pake. Anayelipuuza hupoteza miche, fedha na imani ya wanakijiji waliojitolea kuingia topeni.

Ardhioevu ni nini?

Ardhioevu ni mahali popote ambapo maji hufunika ardhi, au huilowesha kwa muda mrefu kiasi cha kuamua ni mimea na wanyama gani wanaoweza kuishi hapo. Mabwawa, vinamasi, chemchemi, kingo za maziwa, mabonde yanayofurika na misitu ya mikoko yote ni ardhioevu.

Mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi maeneo hayo ulitiwa sahihi tarehe 2 Februari, 1971 katika mji wa Ramsar, nchini Iran. Kwa mujibu wa mkataba huo, hata maji ya bahari ambayo kina chake hakizidi mita 6 wakati wa kupwa huhesabiwa kuwa ardhioevu.

Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka wa 1990. Maeneo yake yaliyoorodheshwa ni ziwa Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo na Elmenteita, pamoja na delta ya Mto Tana iliyoongezwa mwaka wa 2012.

Kwa upande wa mikoko, mpango wa kitaifa wa usimamizi wa misitu hiyo wa mwaka wa 2017 hadi 2027 unaonyesha kwamba Kenya ina hekta 61,271. Lamu ndiyo yenye sehemu kubwa zaidi, hekta 37,350. Kilifi ina hekta 8,536, Kwale 8,354, Mombasa 3,771 na Tana River 3,260.

Faida za misitu hiyo ni nyingi. Mizizi yake hupunguza nguvu za mawimbi na kushika udongo usichukuliwe na bahari. Samaki wachanga, kamba na kaa hujificha humo dhidi ya maadui. Isitoshe, tope lililo chini ya mikoko huhifadhi hewa ya kaboni kwa wingi kuliko udongo wa misitu mingi ya nchi kavu, kwa kuwa majani na mizizi iliyozikwa mahali pasipo na oksijeni huoza polepole mno.

Miti tisa, makao tofauti

Watu wengi huita kila mti unaoota katika maji ya chumvi kuwa mkoko. Hata hivyo, wenyeji wa Pwani tangu jadi wameipambanua miti hiyo kwa majina, na wataalamu nao hukubaliana nao kwamba nchini Kenya kuna aina tisa.

Aina hizo ni mkoko wenyewe, mkandaa, muia, mchu, mlilana, mkomafi, mkomafi dume, kikandaa na msikundazi. Mkoko na mkandaa ndiyo inayoonekana kwa wingi zaidi.

Kila mmoja una mbinu yake ya kupumua na kujishikiza katika tope lisilo na hewa. Mkoko husimama juu ya mizizi iliyopindika kama miguu ya meza. Mchu hutoa vijiti vyembamba vinavyochomoza topeni mithili ya kalamu. Muia hukunja mizizi yake kama magoti, ilhali mizizi ya mkomafi hutambaa juu ya tope kama mbao zilizosimamishwa kwa ubavu.

Miti hiyo pia haioti ovyo. Anayetoka baharini kuelekea nchi kavu hukutana kwanza na mlilana, ambao huvumilia mawimbi na maji mengi. Nyuma yake hufuata mkoko, kisha muia na mkandaa. Karibu na nchi kavu, mahali panapofikiwa na maji ya bamvua pekee, huota kikandaa, mkomafi na msikundazi.

Mchu ni wa kipekee kwa kuwa hupatikana pande zote mbili, mbele karibu na bahari na nyuma kabisa kwenye udongo wenye chumvi kali.

Mpangilio huo hutokana na maji. Katika pwani ya Kenya tofauti baina ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4, ilhali wakati wa maji mafu tofauti hiyo ni ndogo. Kwa hivyo, hatua chache tu topeni zinaweza kumtoa mtu mahali panapofunikwa na maji kila siku hadi mahali panapofunikwa mara chache kwa mwezi.

Wapwani nao wamekuwa wakiipatia kila aina kazi yake. Boriti za mkoko na mkandaa zilijenga mapaa ya nyumba, magamba ya mkandaa yakatumiwa kutia ngozi rangi, na mbao za mlilana zilizopinda zikawa mataruma ya majahazi. Nguzo za mikoko ziliuzwa kwa ukubwa, na kila ukubwa ulikuwa na jina lake: fito, pau, mazio, boriti na nguzo.

Jinsi misitu ilivyoharibika

Kwa karne nyingi boriti kutoka Lamu na visiwa jirani zilisafirishwa kwa majahazi hadi Bara Arabu na nchi za Ghuba, ambako miti ya kuezekea ni adimu. Serikali ya kikoloni ilitangaza mikoko kuwa misitu ya serikali mwaka wa 1932, na mwaka wa 1982 Kenya ikapiga marufuku uuzaji wa nguzo hizo katika nchi za nje.

Marufuku hayo hayakumaliza uharibifu. Utafiti uliotumia picha za setilaiti ulibainisha kuwa kati ya mwaka wa 1985 na 2010 Kenya ilipoteza takriban asilimia 18 ya mikoko yake.

Ukataji wa kuni na nguzo ni sababu moja tu. Maeneo mengine yaligeuzwa kuwa mabwawa ya kutengeneza chumvi, na mengine yakafanywa makazi. Mwaka wa 1988 mafuta yaliyomwagika mjini Mombasa yaliua mikoko katika hori ya Makupa.

Maumbile nayo yalichangia. Mvua za El Nino za mwaka wa 1997 na 1998 zilisomba udongo mwingi kutoka bara na kuutupa katika hori ya Mwache, magharibi mwa Mombasa. Udongo huo uliifunika mizizi inayopumua, na miti ikakauka ikiwa imesimama.

Tukio la Mwache linafaa kukumbukwa na kila anayepanga kurejesha ardhioevu. Miti hiyo haikuuawa kwa shoka. Iliuawa na udongo uliotoka katika mashamba na miteremko iliyo mbali na bahari. Kupanda miche hapo bila kushughulikia mmomonyoko wa udongo kule juu ni sawa na kumzika mfu katika kaburi lile lile mara mbili.

Maji kwanza, miche baadaye

Mkosi mkubwa wa juhudi nyingi za kupanda mikoko duniani ni kwamba huanza na mche. Watu hukusanyika, miche hugawanywa, picha hupigwa, na baada ya miezi michache hakuna kinachosalia.

Baada ya tsunami ya Desemba 2004, Sri Lanka ilipanda mikoko katika hekta kati ya 1,000 na 1,200. Watafiti walipoyakagua maeneo 23 ya mradi huo, matokeo yao yaliyochapishwa mwaka wa 2017 yalionyesha kuwa upanzi ulikuwa umefaulu katika hekta 200 hadi 220 pekee. Katika maeneo tisa kati ya hayo 23, hapakuwa na hata mche mmoja uliosalia.

Sababu kubwa ilikuwa mahali. Miche mingi ilipandwa mahali ambapo kiwango cha maji na cha chumvi hakikuifaa, na baada ya kupandwa haikutunzwa.

Mikoko haiwezi kuishi mahali palipofunikwa na maji kutwa kucha. Kwa kawaida huota kuanzia usawa wa kati wa bahari hadi pale maji ya bamvua yanapofika. Tope tupu lililo chini ya usawa huo, hata kama linaonekana kuwa nafasi nzuri ya kupanda, si makao yake. Aghalabu hapo ni malisho ya ndege wa pwani au ni shamba la nyasi za baharini, ambayo pia ni ardhioevu yenye thamani yake.

Mwanabiolojia Robin Lewis wa Marekani, aliyefariki mwaka wa 2018, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kueleza jambo hilo. Katika eneo la West Lake, jimbo la Florida, takriban hekta 500 zilirejeshwa kwa kuondoa vifusi na kufungua mifereji ili maji ya bahari yaingie na kutoka. Hakuna mkoko uliopandwa. Mbegu zililetwa na maji yenyewe.

Kutokana na kazi ya namna hiyo, wataalamu hupendekeza maswali kadhaa yaulizwe kabla ya jembe kushikwa.

Kwanza, je, mahali hapo paliwahi kuwa na mikoko? Ikiwa hapajawahi, yamkini pana sababu.

Pili, ni aina gani iliyokuwapo, na sasa maji hufika hapo mara ngapi kwa mwezi na kwa kina gani? Njia rahisi ya kujua ni kulinganisha na msitu mzima ulio jirani: pale ambapo maji hufika kwa kiwango sawa, mti unaoota katika msitu huo ndio utakaokubali.

Tatu, ni kipi kinachozuia miti kurudi yenyewe? Huenda barabara imekata mkondo wa maji, ukuta wa bwawa la chumvi lililoachwa bado umesimama, mbuzi wanakula chipukizi, au watu wangali wanakata.

Nne, ardhi ni ya nani, na nani atailinda? Miche iliyopandwa mahali penye mzozo wa umiliki haina mlinzi.

Baada ya kizuizi kuondolewa, inashauriwa eneo liachwe kwa muda ili ionekane kama mbegu zitafika zenyewe. Upanzi hufaa pale ambapo mbegu haziji, ama kwa sababu miti mizazi imekwisha au mkondo wa maji hauzileti tena.

Kuchagua mbegu na kupanda

Pale ambapo upanzi unahitajika, maumbile yamemrahisishia mkulima kazi. Mbegu za mkoko, mkandaa na muia humea zikiwa bado mtini. Zinazoning'inia matawini si matunda ya kawaida bali ni miche tayari, mirefu na iliyochongoka.

Mche wa mkoko uliokomaa hutambulika kwa pete ya rangi ya manjano inayotokea pale unaposhikana na tunda. Iliyoanguka yenyewe au inayong'oka kwa kuguswa tu ndiyo bora. Iliyotobolewa na wadudu au kuliwa na kaa hutupwa.

Mche huo hudidimizwa topeni takriban thuluthi moja ya urefu wake, upande uliochongoka ukiwa chini. Katika mashamba ya Gazi nafasi iliyozoeleka ni mita moja kati ya mche na mwenziwe.

Mchu, mlilana na mkomafi zahitaji subira zaidi. Mbegu ya mchu ni ndogo na huvua ganda lake inapolowa. Tunda la mlilana lina mbegu nyingi ndogo ambazo huchukuliwa na maji kwa urahisi. Tunda la mkomafi ni kubwa na duara, na ndani yake mna mbegu zenye pembe zilizobanana. Aina hizi hufaa zaidi zikikuzwa kwanza katika kitalu kinachofikiwa na maji ya bahari, ili miche izoee chumvi kabla ya kuhamishwa.

Mbegu zikusanywe karibu na mahali zitakapopandwa. Miti ya eneo husika imezoea chumvi, tope na mikondo ya hapo, na kuchukua mbegu kutoka mbali kunaweza kuleta miti isiyovumilia mazingira mapya.

Yaliyojiri Gazi

Katika Gazi, aina iliyopandwa kwa wingi ni mkoko. Utafiti uliofanywa katika shamba moja lililokuwa na umri wa miaka 12 ulionyesha kuwa miti ilikuwa imefikia kimo cha wastani cha zaidi ya mita 8, na kila hekta ilikuwa na zaidi ya miti 5,000.

Jambo lililowapa watafiti moyo zaidi ni kwamba chini ya miti hiyo waliona chipukizi za aina nyingine ambazo hazikupandwa na mtu. Miti iliyopandwa ilikuwa imetuliza maji na kunasa mbegu zilizokuwa zikielea, na msitu ukaanza kujijenga upya. Kaa na wanyama wengine wa topeni walirejea pia.

Lakini si kila kitu kilifaulu. Upande wa mbele unaotazamana na bahari umekuwa mgumu kurejesha. Huko mawimbi hung'oa miche, mchanga huifunika, na viumbe wenye magamba magumu hujishikiza kwenye mashina machanga hadi yakalemewa. Isitoshe, mlilana, ambao ndio mwenyeji halisi wa upande huo, umeshambuliwa na wadudu wanaotoboa matawi yake.

Mafanikio na hasara hizo zimefundisha jambo moja: mkoko, kwa kuwa mbegu yake ni kubwa na ni rahisi kupandwa, huvutia kila mradi. Ukipandwa kila mahali, matokeo huwa ama vifo vya miche au shamba la mti mmoja pale palipopaswa kuwa na msitu wa aina nyingi.

Fedha kutokana na hewa

Mwaka wa 2013 wakazi wa vijiji vya Gazi na Makongeni walizindua mradi uitwao Mikoko Pamoja. Mradi huo hulinda hekta 117 za mikoko, nyingi zikiwa za msitu wa asili na chache zikiwa za mashamba yaliyopandwa.

Kwa kuulinda msitu huo, wakazi hupata kibali cha kuuza kiwango cha hewa ya kaboni kinachokisiwa kuwa tani 3,000 kwa mwaka, kwa muda wa miaka 20. Wanunuzi ni watu na mashirika yanayotaka kufidia uchafuzi wao wa hewa. Fedha zinazopatikana zimetumiwa kuleta maji safi na kununua vifaa vya shule, miongoni mwa mahitaji mengine ya vijiji hivyo.

Mwaka wa 2017 mradi huo ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta, inayotolewa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa (UNDP). Mwaka wa 2019 mradi wa pili wa aina hiyo ulianzishwa Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, ukihusisha pia vijiji vya Jimbo na Kiwegu. Huo hulinda hekta 460.

Hata hivyo, mpango wa namna hii hauwezi kudumu ikiwa mwanakijiji hana kuni wala nguzo za kujengea. Ndiyo maana wakazi wa Gazi hupanda mivinje katika nchi kavu ili iwe mbadala. Mvinje si mkoko na haupaswi kupandwa topeni. Kazi yake ni kuipunguzia mikoko shoka.

Kisheria, mikoko ni misitu ya umma. Sheria ya Misitu ya mwaka wa 2016 inaruhusu vyama vya jamii kushirikiana na Shirika la Huduma za Misitu (KFS) kuisimamia. Kanuni za mwaka wa 2009 za usimamizi wa ardhioevu, kingo za mito na fuo, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka wa 1999, zinampa kila mwenye ardhi iliyopakana na maeneo hayo wajibu wa kutoyaharibu.

Somo kwa ardhioevu za bara

Kanuni iliyojifunzwa topeni Gazi haina mipaka ya chumvi. Katika vinamasi na chemchemi za bara, nafasi ya mikoko huchukuliwa na mafunjo, matete na nyasi za majini, nayo mimea hii hujipanga kwa kufuata kina cha maji.

Mafunjo hupenda ukingo wenye maji ya kudumu, na mashina yake yaweza kupita kimo cha mita 4. Mizizi yake iliyosongamana huchuja udongo na mbolea inayotoka mashambani kabla ya kufika ziwani. Katika kinamasi cha Saiwa karibu na Kitale, kilichofanywa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1974, matete na nyasi ndefu ndizo humficha nzohe, swara wa majini ambaye ni nadra kuonekana kwingine nchini.

Uwezo huo wa kuchuja umetumiwa hata kutengeneza ardhioevu mpya. Mwaka wa 1994 bwawa la aina hiyo lilijengwa kusini mwa jiji la Nairobi ili kusafisha maji taka ya mikahawa na bustani ya kuogelea. Maji yalipitishwa kwanza katika kitanda cha kokoto kilichopandwa mimea ya kinamasi, kisha katika vidimbwi vilivyofuatana.

Kosa lililoenea zaidi bara ni lile la kupanda mikaratusi kwenye chemchemi. Mti huo wa Australia hukua upesi na una soko, lakini hunywa maji mengi. Mwaka wa 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kandokando ya mito na vyanzo vya maji ing'olewe.

Hapa pia utaratibu ni ule ule. Mfereji uliochimbwa kukausha kinamasi huzibwa, mti wa kigeni huondolewa, maji hurudi, ndipo mafunjo na matete hupandwa kwa vipande vya mizizi vilivyotolewa katika kinamasi jirani. Mara nyingi, maji yakisharudi, mbegu zilizolala ardhini huota zenyewe.

Kuhesabu miti, si mashimo

Mwezi wa Desemba 2022 serikali ya Kenya ilizindua kampeni ya kukuza miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032. Mikoko na ardhioevu zimo katika shabaha hiyo, na bila shaka vikundi vingi vya vijana na akina mama vitapata riziki kwa kuuza miche.

Hatari iliyopo ni kwamba hesabu inaweza kuishia kwenye miche iliyotiwa ardhini siku ya sherehe. Kwa ardhioevu kipimo hicho hupotosha. Mche uliopandwa chini ya usawa wa bahari huhesabiwa leo na kufa mwezi ujao, nao mfereji uliofunguliwa na kurudisha maji katika hekta 10 hauhesabiwi kabisa kwa kuwa hakuna aliyepanda chochote.

Wataalamu hushauri eneo lililopandwa likaguliwe kwa angalau miaka mitatu hadi mitano. Idadi ya miche iliyosalia ihesabiwe, sababu za iliyokufa zitafutwe, na kabla ya kupanda mara ya pili ijulikane kama mahali hapo pana maji yanayofaa. Vilevile, wavuvi na wakata boriti waulizwe mapema. Wao ndio wanaokumbuka mti upi ulisimama wapi na maji yalikuwa yakipitia njia gani.

Miti iliyopandwa Gazi ilichukua zaidi ya mwongo mmoja kufikia kimo cha boriti. Iliyokatwa katika miaka ya 1970 iliondoka kwa siku chache. Tofauti hiyo ya muda ndiyo inayofanya kuulinda msitu uliopo kuwa nafuu kuliko kuurejesha uliokwisha.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ardhioevu, kuna la kuongeza: anayejenga ukuta huo na aulize kwanza maji hupita wapi.